Kibali cha Ajira Hakirithishi Kazi

Katika utumishi wa umma wa Tanzania, pengo la watumishi hupatikana kwa hesabu ya kutoa. Halmashauri huandika mahitaji yake kwa kila kada, huandika waliopo, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayoitwa upungufu. Namba hiyo husomwa kwenye baraza la madiwani, hupanda mkoani, hufika Dodoma wakati wa kujadili bajeti ya mishahara, na jibu lake hurudi likiwa namba vilevile: kibali cha kuajiri watu kadhaa. Mwaka 2023, kwa mfano, TAMISEMI ilitangaza nafasi 21,200, yaani walimu 13,130 na watumishi wa afya 8,070, na waombaji wakazidi 100,000. Madiwani, wabunge, vyama vya wafanyakazi na magazeti hubishana juu ya mengi, lakini hapa wote husema kauli moja: tatizo ni uchache, na dawa ni ajira.

Kauli hiyo ina ukweli wa nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoifanya isihojiwe. Uchache upo, hakuna anayeukana. Lakini katika hesabu ya kutoa, mtumishi anayeondoka baada ya miaka 30 kazini ni mmoja, na kijana anayeripoti Jumatatu akiwa na barua mpya ya ajira naye ni mmoja. Mmoja katoka, mmoja kaingia, jedwali limekaa sawa. Kilichopotea katikati hakina safu kwenye fomu ya ikama, yaani orodha ya nafasi na waliopo, na kwa kuwa hakina safu hakiulizwi. Ukifuatilia jinsi kazi inavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine, utakuta kwamba huduma huanguka zaidi kwa sababu ya tarehe na makabidhiano kuliko kwa sababu ya idadi. Na ajira za mkupuo, zinazopigiwa makofi kila zinapotangazwa, ndizo zinazopanda mbegu ya pengo la miaka 40 ijayo.

Kata ya Iyula, wilayani Mbozi katika mkoa wa Songwe, inafaa kuwa kipimo cha hoja hii. Ni nchi ya kahawa, mahindi na maharage, iliyo nje ya barabara kuu ya Zambia inayopita Mlowo na Vwawa kuelekea mpaka wa Tunduma. Serikali anayoiona mkulima wa huko haina ghorofa wala mapokezi. Ni mtendaji wa kata, watendaji wa vijiji, walimu, mganga mfawidhi na muuguzi wa zahanati, afisa ugani, na kwa mbali zaidi mhandisi wa barabara wa TARURA au fundi wa maji wa RUWASA anayetokea wilayani. Nyingi ya kazi hizo hushikwa na mtu mmoja mmoja. Hospitali ya wilaya yenye nafasi 40 za wauguzi ikikosa 10, zamu hubanwa, likizo huahirishwa, wagonjwa hungoja zaidi. Huduma hudhoofika lakini haikatiki. Kijiji chenye mtendaji mmoja hakiwezi kuwa na upungufu wa asilimia 25. Ama yupo, ama serikali ya kijiji haina katibu, haina wa kugonga muhuri, wala wa kuandika muhtasari wa mkutano mkuu.

Hapo ndipo wastani wa wilaya unapodanganya. Halmashauri inaweza kuripoti, bila kusema uongo wowote, kwamba imejaza sehemu kubwa ya nafasi za kada fulani, na wakati huohuo kijiji kimoja kikawa hakina kada hiyo kabisa kwa mwaka mzima. Mwananchi wa kijiji hicho haishi kwenye wastani.

Jambo la pili ambalo hesabu ya kutoa hulificha ni kwamba sehemu kubwa ya mapengo ilijulikana zamani. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na akifikisha 60 hustaafu kwa lazima. Tarehe yake ya kuzaliwa imo kwenye jalada lake tangu siku ya kwanza ya ajira, na imo kwenye mfumo wa mishahara. Hata mvua za vuli hazitabiriki kwa uhakika wa namna hiyo. Bado, kila mwaka wa fedha, kustaafu kwa watu ambao siku yao ya kuondoka ilijulikana kwa miongo mitatu hupokewa kama ajali.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa walimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa kasi hiyo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa vijijini, wakafundisha huku wakisoma kwa masafa, kwa redio, kwa vitabu vya posta na kwa waratibu wa kata. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Lilikuwa tendo la ujasiri, na watu wazima wengi wanaojua kusoma leo Mbozi, kama kwingineko nchini, wana deni kwa tendo hilo. Lakini kijana aliyeshika chaki akiwa na miaka 20 mwaka 1977 alifikisha 60 mwaka 2017. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa siku ileile anaajiriwa. Wimbi lililoingia pamoja lilikuwa lazima litoke pamoja, na lilianza kutoka wakati elimu bila malipo, iliyoanza Januari 2016, ilipojaza watoto madarasani kupita matarajio ya shule. Kana kwamba hayo hayakutosha, Juni 2016 serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Kilichoitwa upungufu wa walimu katika miaka hiyo kilikuwa na historia ya miaka 40.

Kuna pengo jingine lisilotajwa kabisa kwa kuwa halionekani kwenye idadi. Mageuzi ya utumishi ya miaka ya 1990, yaliyofanywa kwa shinikizo la wafadhili na hazina tupu, yalipunguza watumishi kutoka wapatao 355,000 mwaka 1992 hadi 270,000 hivi mwaka 1997. Waliopunguzwa wamezungumzwa sana. Wasioajiriwa hawakuzungumzwa. Mtu ambaye angeajiriwa akiwa na miaka 25 katika kipindi hicho leo angekuwa katikati ya miaka ya hamsini: mwalimu mkuu mwenye uzoefu, afisa ugani mkuu, mtaalamu anayeelekea kustaafu akiwa na vijana watatu nyuma yake aliowafunza. Kizazi hicho ni chembamba. Ndiyo maana katika ofisi nyingi za halmashauri hukutana wazee wanaohesabu miezi na vijana wanaohesabu miaka miwili au mitatu kazini, na katikati pamebaki wazi. Kibali cha ajira hakiwezi kuajiri mtu mwenye uzoefu wa karibu miaka 30 ndani ya mfumo. Uzoefu huo ulipaswa kuanza kukusanywa mwaka 1996.

Yaliyofuata yanaonyesha kuwa somo halikushika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulileta mkupuo mwingine wa walimu kati ya 2002 na 2006. Baada yake shule za sekondari za kata zilifunguliwa kwa wingi, na wahitimu wa kidato cha sita wakapitishwa kwenye mafunzo ya wiki chache, wale ambao mitaa iliwabandika jina la "vodafasta". Walioingia hivyo wakiwa na miaka 20 na kidogo watastaafu kwa mkumbo katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2040. Usitishaji wa 2016, kwa upande wake, umeacha tundu la umri litakaloonekana wakati huohuo. Yeyote anayetaka kujua shule za Iyula zitakavyokuwa mwaka 2043 hahitaji mtabiri. Anahitaji orodha ya walimu na tarehe zao za kuzaliwa.

Utaratibu wa kuziba nafasi nao umepangwa kinyume. Mtumishi akistaafu, akifariki au akiacha kazi, halmashauri huomba kibali cha ajira mbadala. Tafsiri ya utaratibu huo ni kwamba nafasi lazima iwe wazi kwanza ndipo iombewe mtu. Kibali kikitoka, tangazo hupita Sekretarieti ya Ajira, maombi huchujwa, usaili hufanyika, waliofaulu hupangiwa vituo, na wengine hawaripoti. Katika safari hiyo ndefu, anayetoka na anayeingia hawakutani hata siku moja. Mstaafu anaweza kuwa bado anaishi palepale kijijini, akipalilia kahawa yake, lakini kwa mujibu wa serikali amekwisha. Kinachobaki ni hati ya makabidhiano.

Hati hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu watetezi wa mfumo uliopo huishika kama ngao. Hati ya makabidhiano ya mtendaji wa kijiji huorodhesha muhuri, funguo, majalada, meza na viti, vitabu, mashine ya POS ya kukusanyia mapato na salio lake. Huorodhesha vinavyoshikika. Ni nyaraka nzuri ya kuzuia wizi na haina uwezo wa kupokeza kazi. Haisemi ni kaya zipi zina mgogoro wa mpaka uliotulizwa kwa mdomo, ni ahadi gani ilitolewa kwa mwenye shamba aliyeachia eneo la shule, wala kwa nini bomba la kitongoji fulani lilipitishwa upande wa juu. Na mara nyingi hukabidhiwa mtendaji wa kijiji jirani anayekaimu, ambaye naye ataikabidhi kwa mgeni baada ya miezi. Kufikia hapo imekuwa orodha ya samani.

Mbozi inayo sababu ya pekee ya kujali jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ilipoanza kutekelezwa, Mbozi ndiyo iliyokuwa wilaya ya mfano: mipaka ya vijiji ikapimwa, vyeti vya ardhi ya kijiji vikatolewa, na wakulima wakapewa hatimiliki za kimila. Hatimiliki ya kimila haiishi wizarani. Rejesta yake hukaa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji, na mtendaji wa kijiji ni mmoja wa wanaoitia saini. Wenyeviti huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na mwaka 2024 wengine wapya waliingia. Mtendaji ndiye anayetarajiwa kubaki, kuwa kumbukumbu inayojua kwamba jiwe la mpaka lilihamishwa na nani na lini kikao kilikaa. Akiondoka bila mrithi aliyekaa naye, karatasi hubaki kabatini, lakini anayeweza kuisoma pamoja na shamba lenyewe huwa ameondoka.

Tanzania ilifanya jaribio la wazi la kuondoa watumishi bila kuandaa warithi. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea Dodoma taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Uhakiki huo ulikwenda pamoja na kuondolewa kwa watumishi wa darasa la saba, wakiwamo watendaji wa vijiji wengi, kwa sharti la cheti cha kidato cha nne lililowahusu walioajiriwa baada ya 20 Mei 2004. Baadaye ilidhihirika kwamba na walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo walikuwa wamesombwa, na Aprili 2018 Waziri George Mkuchika akatangaza warudishwe. Hakuna haja ya kuwatetea walioghushi. Kughushi ni jinai. Kinachohojiwa ni kwamba katika mjadala wote ule, swali lililotawala lilikuwa serikali imeokoa mishahara kiasi gani. Nani alikuwa akishika kazi ile asubuhi iliyofuata halikuwa swali la kitaifa. Na serikali ilipowarudisha baadhi yao, ilikiri kwa vitendo kwamba mtu na kazi yake havitenganishwi kwa waraka peke yake.

Shuleni na kwenye zahanati, mambo yamekuwa mazito zaidi tangu fedha zianze kwenda moja kwa moja vituoni. Ruzuku ya shule huingia kwenye akaunti ya shule. Fedha za zahanati huingia kwenye akaunti ya zahanati na kuandikwa kwenye mfumo wa hesabu wa FFARS. Mwalimu mkuu na mganga mfawidhi, ambao hakuna aliyewasomesha uhasibu, wamekuwa watia saini, wasimamizi wa ujenzi wa madarasa kwa mafundi wa kijijini, na watu wa kununua kupitia mfumo wa NeST. Mganga mfawidhi akistaafu bila mrithi, kubadilisha watia saini benki huanza na barua kutoka kituoni kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, Vwawa, kutoka kwa mkurugenzi kwenda benki, na fedha ya dawa hukaa ikisubiri. Wakati huo vitabu vya taarifa za afya vya MTUHA vinaendelea kudai kujazwa, na friji ya chanjo inaendelea kudai joto lake lisomwe asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye jedwali lililobandikwa mlangoni. Muuguzi aliyebaki peke yake huliandika jioni lote kwa pamoja. Mtu asiyejua mambo haya huona jedwali limejaa.

Afisa ugani ni kisa kifupi lakini hakikosi kutajwa. Aprili 2022 serikali iliwagawia maafisa ugani maelfu ya pikipiki, na ilikuwa hatua ya maana. Pikipiki inampeleka afisa shambani. Haimwambii ni mashamba yapi yalipandwa miche ya vikonyo kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kilichoko Mbimba, hukohuko Mbozi, na yapi bado yana mibuni ya zamani inayoshambuliwa na chulebuni na kutu ya majani. Mbuni huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na huishi miongo. Afisa anayekaa miaka miwili akahama hajaona hata mavuno ya kwanza ya ushauri wake.

Watetezi wa mtazamo uliozoeleka wana majibu, na ni haki yasikilizwe. La kwanza ni kwamba serikali tayari inayo mipango ya kurithishana madaraka. Ofisi ya Rais, Utumishi, imekuwa ikizitaka taasisi ziiandae. Ni kweli. Shida iko kwenye neno madaraka jinsi linavyotekelezwa: mipango hiyo huanza na mkurugenzi, hushuka hadi mkuu wa idara, na hukoma kwenye mkuu wa kitengo. Inaandaa warithi mahali ambapo watu wa kushika ni wengi na inasahau mahali ambapo ni mmoja tu. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwanzoni mwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, ulikuwa umepitia wakuu wa mkoa sita kufikia 2024: Chiku Gallawa, Nicodemus Mwangela, Omary Mgumba, Waziri Kindamba, Francis Michael na Daniel Chongolo. Hao ni wateule wa Rais na mpango wa warithi hauwahusu. Lakini zahanati hazikufungwa kila mmoja alipoondoka, kwa sababu ofisi ya mkuu wa mkoa ina katibu tawala, makatibu wasaidizi na majalada. Ofisi ya mtendaji wa kijiji haina chochote cha namna hiyo, na ndiyo isiyo na mpango.

Jibu la pili ni kukaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zinaweka kikomo cha miezi sita kwa anayekaimu. Kikomo hicho hupuuzwa mara nyingi kiasi kwamba mawaziri wa Utumishi wa awamu tofauti wamekikumbushia. Kaimu hana uhakika wa kesho, kwa hiyo haanzishi jambo, anahifadhi. Kama ameshika vijiji viwili, anahifadhi vyote viwili vibaya. Kukaimu ni njia ya kuvuka dharura, na dharura ambayo tarehe yake ilijulikana miaka 30 kabla haistahili jina hilo.

La tatu linapendwa sana siku hizi: mifumo. Mfumo wa kupima utendaji wa OPRAS umekufa, umekuja PEPMIS. Uhamisho unaombwa mtandaoni. Tarehe za kustaafu zinatoka kwa kubonyeza. Hilo la mwisho linageuka kuwa shitaka dhidi ya wanaolisema. Kama tarehe zinapatikana kwa kubonyeza, basi kisingizio cha kutojua kimekufa pamoja na OPRAS. Na mfumo wa kupima utendaji huandika malengo ya mtumishi mwenyewe. Haukutengenezwa kumwonyesha anayemfuata jinsi ya kukaa na baraza la ardhi la kijiji.

Jibu la nne lina uzito kuliko yote: kuandaa mrithi ni kufungua mlango wa upendeleo. Sekretarieti ya Ajira iliundwa ili nafasi zishindaniwe na vijana wa nchi nzima, na mtu anayeandaliwa mapema anaweza kugeuka kuwa mpwa wa mwenyekiti. Hofu hiyo si ya kubuni. Lakini inachanganya kuingia na kupokea. Kuingia kwenye utumishi kubaki kwa ushindani, kwa usaili uleule. Kinachodaiwa ni kwamba usaili huo ufanyike mapema ili mshindi aripoti kabla anayestaafu hajaondoka. Kwa nafasi za juu ndani ya kituo, kama mwalimu mkuu, waandaliwe wawili au watatu, wote wakipewa zamu za kushika vitabu vya fedha na kusimamia kamati, kisha mwenye sifa zaidi ateuliwe. Utaratibu wa sasa, ambapo nafasi hubaki wazi na mkurugenzi humteua wa kukaimu kwa barua ya siku moja, una nafasi kubwa zaidi ya upendeleo kuliko huo.

Wapo pia wanaosema wanaostaafu waongezewe muda. Tanzania imefanya hivyo kwa wahadhiri waandamizi, maprofesa na madaktari bingwa, ambao hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 65. Kenya ilifanya hivyo kwa utumishi mzima, ilipopandisha umri kutoka 55 hadi 60 kuanzia Aprili 2009. Kwa daktari bingwa, ambaye kumwandaa huchukua zaidi ya miaka kumi, kuongeza muda kuna mantiki. Kwa wengine, hatua hiyo husogeza wimbi mbele kwa miaka mitano bila kupunguza kimo chake, na vijana waliokuwa wakingoja huendelea kungoja. Kama miaka hiyo mitano haikutumika kufunza warithi, mwisho wake ni palepale.

Na wapo wanaoona haya yote ni fasheni ya washauri wa kigeni. Historia ya nchi inakataa. Tanganyika iliyopata uhuru Desemba 1961 ilikuwa na madaktari na wahandisi wazalendo wa kuhesabika. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, uliweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980. Serikali maskini, yenye watumishi wachache kuliko wa leo na bila kompyuta hata moja vijijini, ilipanga watu wake miaka 16 mbele, ikahesabu nani aende chuo gani ili ashike nafasi ipi. Kisha yenyewe ikaonyesha gharama ya kuacha kupanga: mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa jina la madaraka mikoani, makarani na wahasibu wake wakatawanywa, na zilipofufuliwa mwaka 1984 zililazimika kujifunza upya kazi ambazo zilikuwa zikifanywa miaka 12 kabla.

Wakala za serikali zimerudia kosa hilo kwa njia ya kistaarabu zaidi. TARURA ilipoanza mwaka 2017 ilichukua wahandisi wa barabara kutoka halmashauri; RUWASA mwaka 2019 ikachukua watu wa maji. Hoja ya utaalamu ilikuwa na nguvu, na barabara nyingi zimenufaika. Lakini uhamisho huo ulipangwa kwa ikama: nafasi ngapi zinakwenda, ngapi zinabaki. Kwa kijiji, maana yake ilikuwa kwamba mtu aliyejua mradi wa maji ulivyojengwa sasa anawajibika kwingine, na kamati ya chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii inashika mita na pampu ambazo ilikabidhiwa kwa semina.

Mahali kama Iyula pana mvuto mmoja zaidi wa kukabiliana nao, nao ni barabara kuu. Mtumishi mpya, aliyepangiwa kutoka Mwanza au Tanga bila kujua hata baridi ya Mbozi, huanza kutafuta nafasi Mlowo, Vwawa au Tunduma, ambako kuna nyumba za kupanga, umeme wa uhakika na biashara ya mpakani ya kujazia mshahara. Agizo la kutohama kabla ya miaka mitatu humshika kwa muda. Siku likikwisha, barua iko tayari. Wanaolaumu uzalendo wa vijana hukosea shabaha. Mtu aliyepokewa na mtangulizi wake, akatambulishwa kwa wazee, akaonyeshwa nyumba na kisima, ana sababu ya kubaki ambayo agizo haliwezi kumpa.

Gharama ndiyo ngome ya mwisho ya mtazamo uliozoeleka: serikali haiwezi kulipa watu wawili kwa nafasi moja. Hesabu inasema vingine. Nafasi ikikaa wazi mwaka mmoja, mshahara wa miezi 12 haukulipwa. Makabidhiano ya miezi mitatu yangegharimu robo yake. Kilichookolewa Hazina hulipwa na mwananchi kwa nauli ya bodaboda kwenda Vwawa kutafuta saini, na kwa siku ya palizi iliyopotea. Wala miezi hiyo mitatu haidaiwi kwa kila mtumishi. Inadaiwa kwa kada za mtu mmoja kituoni: mtendaji wa kijiji, mganga mfawidhi, afisa ugani, mwalimu mkuu, na mwalimu wa sayansi aliye peke yake shuleni.

Kinachohitajika kisheria ni kidogo. Ajira mbadala iruhusiwe kuombwa kwa nafasi itakayokuwa wazi ndani ya mwaka unaofuata, badala ya iliyokwisha kuwa wazi. Fomu ya ikama iongezwe safu mbili: tarehe ya kuondoka ya aliyepo, na jina la anayejua kazi hiyo kituoni mbali na yeye. Safu ya kwanza ikikaribia na ya pili ikiwa tupu, afisa utumishi wa halmashauri ana kazi ya kufanya kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Ajira zenyewe zitawanywe kila mwaka kwa kiwango kinacholingana na wanaostaafu, hata kama tangazo la nafasi chache halitapata kichwa cha habari.

Safu hiyo ya pili ndiyo inayojibu swali lililobaki, la wale ambao kuondoka kwao hakuna tarehe. Watumishi hufa, huugua, huacha kazi, hupata nafasi bora mjini. Hakuna mpango wa kustaafu unaowahusu, na kwa kada za mtu mmoja pigo lao ni lilelile. Kwao kinga ni mtu wa pili anayeijua kazi wakati yule wa kwanza bado yupo: muuguzi aliyewahi kufunga hesabu za robo mwaka kwenye FFARS, mwalimu wa kawaida aliyewahi kuketi kama katibu wa kamati ya shule, mtendaji wa kijiji jirani aliyewahi kufungua masjala ya ardhi ya mwenzake akiwa naye, rejesta mezani, wakipitia shamba moja baada ya jingine.